Windows ndani ya Mac: kabla hujaitoa kadi kulipia Parallels

Ukimwuliza fundi wa laptopu, au yule kijana wa IT ofisini, namna ya kuendesha Windows kwenye Mac, jibu huja haraka: weka Parallels. Ukiuliza bei unaambiwa dola 99.99 kwa mwaka, yaani kama shilingi 13,000 za Kenya au takribani robo milioni ya Tanzania. Ukikunja uso, sauti inashushwa: ya kraki, iliyovunjwa kufuli, ipo. VMware Fusion na UTM, programu nyingine za kazi hiyohiyo ambazo hazikutozi hata senti, hutajwa mwishoni kabisa, kama zitatajwa, tena kwa namna ya kumwonea huruma asiye na kitu.

Kwa watu wengi mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Hata hivyo Parallels haikufika ilipo kwa kubahatisha, na ni vizuri ipewe haki yake kwanza.

Mwaka 2020 Apple ilipoanza kuachana na prosesa za Intel na kuleta chipu ya M1, Boot Camp, njia ya Apple yenyewe ya kuweka Windows kwenye Mac, ilikufa kwenye mashine hizo mpya. Kuwasha Mac ukaingia moja kwa moja kwenye Windows kukawa hakuwezekani tena. Njia iliyobaki ni mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya programu, na Windows yenyewe lazima iwe ile ya Arm, aina ya prosesa ambayo chipu za Apple zinaifuata. Parallels ilikuwa tayari Aprili 2021 kwa toleo lake la 16.5. Toleo kamili la Fusion kwa Mac hizo lilitoka Novemba 2022. Mwaka mmoja na nusu ni muda mrefu kwa mtu mwenye kazi mkononi, na wengi waliohamia Parallels wakati huo hawakuona sababu ya kurudi. Kisha Februari 2023 Microsoft ikaidhinisha rasmi Parallels kuendesha Windows 11 Pro na Enterprise za Arm kwenye Mac za M1 na M2. Kwa kampuni yenye wakaguzi wa hesabu na wanasheria, karatasi ya namna hiyo inatosha kumaliza mjadala.

Halafu kuna raha ya kuitumia. Unabofya, inapakua Windows yenyewe, inaiweka yenyewe, wewe ukamalizie chai. Ukiwasha Coherence, dirisha la programu ya Windows linakaa kando ya kivinjari cha Safari kana kwamba limezaliwa hapo, na eneo-kazi la Windows hulioni kabisa. Kwenye michoro ya pande tatu bado iko mbele. Mhandisi anayefungua programu za michoro hiyo kutwa nzima hana haja ya kuendelea kusoma hapa. Alipie, arudi kazini.

Tatizo linaanza pale sifa hizi zinapogeuzwa kuwa sababu ya kila mtu. Inayorudiwa zaidi ni kwamba Parallels ina kasi na za bure ni nzito. Kwenye Mac za chipu ya Apple, kazi ngumu ya kuigawa prosesa kati ya mifumo miwili inafanywa na macOS, kwa kitu ambacho Apple wamekiita Hypervisor. Parallels inapitia hapo. Fusion inapitia hapo. UTM nayo, ikiendesha Windows ya Arm, inapitia hapohapo. Ni mabasi matatu yenye injini ya kiwanda kimoja. Nauli inatofautiana kwa sababu ya viti na kiyoyozi. Ukipiga hesabu ndefu kwenye jedwali au ukapanga rekodi za wateja, tofauti utakayoiona ni ndogo. Tofauti kubwa iko kwenye michoro, kwenye kuhamisha mafaili kati ya pande mbili, na kwenye urahisi wa siku ya kwanza. Vitu hivyo ndivyo unavyovinunua, na ni sawa kuvinunua, mradi ujue unanunua nini.

Sasa Fusion. Hii si programu ya juzi. Imekuwepo tangu 2007, mwaka mmoja tu baada ya Parallels ya Mac. Novemba 2023 Broadcom iliinunua VMware, na kilichofuata kwa wateja wakubwa wa seva hakikuwafurahisha: leseni za kudumu ziliacha kuuzwa, wakalazimika kuhamia za kulipia kila kipindi. Kwa hiyo Mei 2024 Fusion Pro ilipotangazwa kuwa bure kwa matumizi binafsi, na Novemba 2024 kuwa bure kwa kila mtu hata kwa kazi ya biashara, wengi walinusa mtego. Hofu hiyo siidharau. Kampuni iliyowabana wakubwa wake inaweza siku moja kuwageukia wadogo, na msaada rasmi wa kujibiwa tiketi kwa Fusion umeshaondolewa. Kuipakua nako kunachosha: ufungue akaunti kwenye tovuti ya Broadcom, ujaze anwani, ukubali masharti, uitafute bidhaa kwenye orodha iliyopangwa kwa ajili ya mameneja wa seva. Kuna watu waliokata tamaa hapo hapo mlangoni na kwenda kulipia Parallels kwa hasira.

Ila ukishaipata, toleo la sasa halidai namba ya leseni. Hakuna tarehe inayokusubiri. Hili la tarehe ndilo nadhani halizungumzwi vya kutosha.

Mashine pepe ni folda moja kubwa kwenye diski yako, yenye Windows nzima na kila ulichohifadhi humo. Usajili wa Parallels ukiisha bila kulipiwa, folda haifutwi. Inakataa kuwaka tu. Kwa mtu anayecheza gemu wikiendi hilo ni kero. Mfikirie mtu anayeshika vitabu vya maduka matano au sita, Tally, programu yake ya hesabu, iko ndani ya Windows, na data zote za wateja ziko humohumo. Ritani ya VAT inatakiwa tarehe 20, kwa Kenya na Tanzania vilevile. Tarehe 17 usajili unaisha. Kadi ya benki inakataa malipo ya dola, labda kikomo cha miamala ya nje kimefika, labda salio la kadi ya simu halijatosha baada ya kubadilishwa fedha. Anampigia benki, anaambiwa subiri. Daftari lake lipo, ameliona jana, liko kwenye mashine yake mwenyewe, na hawezi kulifungua. Pesa anayo. Kinachomzuia ni mlango ulioshikwa na mtu wa ng'ambo.

Mtetezi wa Parallels atajibu kwamba kuna leseni ya kununua mara moja, dola 219.99. Ni kweli, na ni jibu zuri kuliko watu wanavyodhani. Lakini leseni hiyo ni ya toleo ulilonunua, na Apple hutoa macOS mpya kila mwaka majira ya Septemba au Oktoba. Ukisasisha Mac, toleo lako la zamani linaweza lisikubaliane na mfumo mpya, na hapo unaombwa kulipia kupanda daraja. Usiposasisha, unabaki nyuma kwa usalama. Leseni ya kudumu inageuka kuwa ya kudumu kwa kadiri Mac yako itakavyokubali kusimama palepale.

Jibu la pili ni zuri zaidi: data za kazi usiziweke ndani ya Windows kamwe, ziweke upande wa Mac na uzifungue kupitia folda ya pamoja. Huo ni ushauri sahihi kwa programu yoyote utakayochagua. Kichekesho ni kwamba anayelifanya hilo vizuri kuliko wote ni Parallels yenyewe. Kwenye Fusion ya Mac za Arm kugawana mafaili kumekuwa nyuma kwa muda mrefu, na kwenye UTM kunawezekana kwa kuzungukazunguka. Kwa hiyo ukitumia programu ya bure hufungiwi mlango, lakini unajikuta unabeba mafaili kwa mkono, kwa kunakili na kubandika au kupitia hifadhi ya mtandaoni. Nakubali hoja hiyo bila kinyongo. Bado kati ya kero ya kila siku ndogo na kufungiwa nje mara moja wiki ya ritani, najua ipi ningeichagua.

UTM niseme machache. Inatumia QEMU, programu huria ya mashine pepe, kwa ndani, msimbo wake uko wazi, na ukiichukua kwenye tovuti yake hulipi chochote. Ile ya dola 9.99 kwenye duka la Apple ni ileile, unalipa kuwaunga mkono waandishi wake. Windows ndani yake haina msaada wa prosesa ya michoro, kwa hiyo video na michoro hukokota miguu. Usanikishaji unaweza kukukwamisha kwenye ukurasa unaodai intaneti mpaka draiva, zile programu ndogo za kuunganisha Windows na vifaa, ziwekwe. Kwa mtu wa kufungua Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, mara moja kwa wiki inatosha. Kwa mwingine atakayeishi ndani ya Windows, hapana. VirtualBox, programu nyingine ya mashine pepe, nayo imeanza kukubali Windows 11 ya Arm kwenye Mac hizi kuanzia toleo la 7.2 la Agosti 2025. Ni mgeni bado, na sina haraka ya kumkabidhi mtu vitabu vyake.

Kuna mambo mawili ambayo hakuna programu kati ya hizi itakayoyatatua, na nashangaa yanavyotumika kuisema vibaya Fusion. La kwanza ni draiva. Windows ya Arm inaendesha programu nyingi za kawaida za Intel kwa kuzitafsiri, lakini draiva haitafsiriwi. Lazima iwe imeandikwa kwa Arm. Printa ya risiti iliyonunuliwa Kariakoo na kisoma alama za vidole cha ofisi vinaweza kugoma, na vitagoma kwa mwenye Parallels na mwenye Fusion kwa pamoja. La pili ni ram. MacBook Air za M1 zinazouzwa mitumba nyingi zina 8GB, maana Apple haikupandisha kianzio hadi 16GB mpaka mwishoni mwa 2024. Windows 11 yenyewe inadai isipungue 4GB na diski ya 64GB. Ipe hizo 4GB, acha Chrome wazi na vichupo kumi na tano, ufungue Activity Monitor uangalie ule mstari wa memory pressure: unatoka kijani kwenda njano, na Mac inaanza kutumia diski kama ram. Diski hiyo imechomelewa kwenye ubao, haibadilishwi. Mtu anayesema "Fusion ilinigandia" mara nyingi anasimulia habari za 8GB. Kwa wenye ram nyingi kuna la kuongeza: kifurushi cha Standard cha Parallels kinakuwekea kikomo cha 8GB kwa kila mashine pepe, ukitaka zaidi ulipie Pro, Fusion haina kikomo cha aina hiyo.

Na kraki je? Hapa ndipo mizani halisi ya mtaani ilipo, maana wengi hawachagui kati ya dola mia na bure. Wanachagua kati ya bure halali na Parallels iliyovunjwa kufuli, wanaichukua ya pili kwa sababu jina lake ni kubwa. Fundi anazima ulinzi wa Mac, anakuomba nywila yako, anaendesha amri usiyoijua kwenye Terminal, anakukabidhi mashine ikiwa inawaka. Tangu siku hiyo huthubutu kusasisha kitu. Programu za Mac zilizovunjwa ni mojawapo ya njia zinazojulikana za kuingiza virusi, na mashine hiyohiyo ndiyo unayoingilia benki. Kabla ya Novemba 2024 mwenye biashara ndogo angeweza kusema hakuwa na njia. Sasa njia ipo.

Leseni ya Windows ni gharama nyingine, na haiondoki kwa sababu umetumia Fusion. Bila leseni hiyo Windows itawaka na kufanya kazi ikiwa na maandishi ya kukukumbusha pembeni. Kwa majaribio sawa, kwa ofisi hapana. Anayefanya ulinganisho wa bei aiweke pande zote mbili, vinginevyo anamdanganya msomaji.

Utaratibu ninaoupendekeza unaanzia kwenye programu yako korofi kuliko zote, ile iliyokufanya uitafute Windows, pamoja na kifaa chake kama kipo. Weka Fusion, ijaribu hiyo kwanza kabla ya kupanga chochote kingine. Ikigoma kwa sababu ya draiva, Parallels haitakuokoa, na umeshaokoa dola mia. Tafuta laptopu ya Windows ya mitumba, ila uhakikishe inakubali Windows 11, kwa kuwa msaada wa Windows 10 uliisha Oktoba 2025 na karibu zote zenye prosesa za Intel za kizazi cha sita na cha saba hazimo kwenye orodha ya Microsoft. Ikigoma kwa sababu ya michoro, au ukaona kubeba mafaili kunakula muda wako wa kulipwa, pakua Parallels ya majaribio ya siku 14, ujaribu kazi ileile. Ukiona tofauti, lipia, na siku ya kulipa uandike tarehe ya kuisha kwenye kalenda, wiki mbili kabla, uhamishe na data zako ziwe upande wa Mac.