Pasaka bila makaburi

Kila mwaka Kwaresima ikifika katikati, ujumbe uleule huingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Huanza na herufi kubwa: NDUGU ZANGU AMKENI. Tunaambiwa Easter ni Ishtar, mungu wa kike wa Babeli; mayai ni uzazi wake, sungura ni tamaa zake, na sisi tunaokwenda kanisani siku hiyo tunamsujudia bila kujijua. Mwisho tunaombwa tuusambaze kwa watu kumi. Mtumaji ni binamu yangu, mtu mwema na fundi mzuri wa umeme. Mwaka jana nilimjibu kwa sentensi moja: "Kaka, lakini sisi tunaiita Pasaka."

Alikaa kimya siku mbili. Halafu akatuma kikatuni cha mtu anayejishika kidevu.

Simcheki. Hoja yake imesafiri mbali mpaka kufika kwetu, ila imesafiri ndani ya Kiingereza, na ukiitoa humo haina miguu. Waingereza wanasema Easter na Wajerumani wanasema Ostern. Mtawa wa Uingereza aitwaye Bede, katika karne ya 8, alieleza kwamba jina hilo lilitokana na mwezi uliokuwa wa mungu wa kike Eostre. Yeye ndiye mwandishi pekee wa zamani anayemtaja mungu huyo. Ishtar wa Babeli aliingizwa baadaye sana kwa sababu tu majina yanafanana masikioni. Wengine wengi tumechota kisima kingine. Mfaransa anasema Pâques, Mreno Páscoa, Mwethiopia Fasika, sisi Pasaka, na kisima chenyewe ni ule usiku wa Kutoka 12, damu ya mwanakondoo kwenye miimo ya milango. Ukitaka kumlaumu mtu kwa asili ya jina letu, mlaumu Musa.

Na mayai? Huko Ulaya ya zamani mayai yalikatazwa wakati wa Kwaresima, lakini kuku hawakuarifiwa. Walitaga siku zote arobaini. Pasaka ilipofika kila nyumba ilikuwa na rundo la mayai ya kuliwa, kupakwa rangi na kugawiwa watoto. Mimi naona hapo hesabu ya jikoni zaidi ya ibada ya siri. Sungura sijui tumfanyeje. Mayai ya chokoleti nimeyaona kwenye supamaketi za Dar, yanayeyuka kabla hujafika nayo kwenye gari.

Kwa hiyo Babeli naiweka pembeni. Lakini binamu yangu ananusa kitu cha kweli. Pasaka yetu imebadilika. Tunatofautiana tu kuhusu mahali pa kumtafuta mwizi.

Nimekulia Rungwe, katika nyumba ya Wamoraviani. Wamisionari wa kanisa hilo walifika kwetu mwaka 1891, na mpaka nazaliwa mimi, mambo waliyoyaleta yalikwishakuwa ya kwetu kama migomba. Jumamosi kabla ya Pasaka watoto hatukucheza. Tulipewa majembe na mafagio tukaenda makaburini nyuma ya kanisa kupalilia. Kila ukoo ulijua mawe yake. Kama kaburi halina mtu wa kulipalilia, lilipaliliwa na wote, na mzee mmoja alisimama hapo akatueleza huyo alikuwa nani.

Jumapili tuliamshwa saa kumi usiku. Baridi ya Tukuyu mwezi wa nne haina adabu, na mara nyingi mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulikutana kanisani, kisha tukatoka kwa mstari kwenda makaburini, tarumbeta zikitangulia. Wapigaji walikuwa wazee wa makoti marefu, na mmoja tarumbeta yake ilikuwa na kifuniko kilicholegea, ikitoa sauti kama ya mtu mwenye mafua. Tukizunguka makaburi, mchungaji aliwakumbuka waliotutoka tangu Pasaka iliyopita, jina baada ya jina. Ulikuwa unasikia watu wakivuta pumzi jina lao linapokaribia. Ndipo jua lilipochomoza, likiamua kuchomoza, na mchungaji akasema, "Bwana amefufuka!" Nasi tukajibu, "Kweli amefufuka!" Tulijibu tukiwa tumesimama juu ya watu wetu, viatu vimejaa tope.

Bibi yangu alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya yote hayo aliinama kwenye kaburi la babu akasema, "Ugonile." Ni salamu ya Kinyakyusa ya kila siku, unaisema njiani, sokoni, popote. Lakini ndani yake kuna neno la kulala, kana kwamba unamwambia mtu: umelala. Sikuwahi kumuuliza kama alikuwa anatania.

Kuna jambo moja la asubuhi hizo nimelielewa ukubwani. Kama mawingu hayakufunga, hatukuhitaji tochi. Kila mwaka mwezi ulikuwa ungali angani, mkubwa. Nilidhani ni bahati. Kumbe ndivyo sikukuu yenyewe ilivyopangwa: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, ndiyo maana haiji kabla ya Machi 22 wala kupita Aprili 25. Alfajiri ya Pasaka haikosi mwezi. Watu wa pwani wanaosimama ufukweni kuutafuta mwezi wa Ramadhani hawatanishangaa, ila Wakristo wengi ninaowaambia hili hushangaa, kwa sababu siku hizi tarehe ya Pasaka tunaiona kwenye kalenda ya benki.

Desturi ile ya makaburini nayo ina asili yake. Mwaka 1732, katika Herrnhut, mji mdogo wa Wamoraviani huko Ujerumani mashariki, vijana wa kiume waliamka alfajiri ya Pasaka wakapanda kilima cha makaburi kuimba. Kule Herrnhut mawe ya makaburi yamelazwa chini, sawasawa, tajiri na maskini hawatofautiani. (Kwetu sasa kuna makaburi yenye vigae vizuri kuliko sebule za wafiwa, lakini hayo ni ya siku nyingine.) Vijana wale walikuwa na jibu rahisi kwa swali la Pasaka inahusu nini: inahusu hawa waliolala hapa.

Nimehamia Dar es Salaam zaidi ya miaka ishirini. Pasaka ya hapa ina mwanga na sauti. Kwaya zina sare mpya, vipaza sauti vinapasuka, ibada ya kwanza inakwisha haraka ili ya pili iingie. Na kuanzia Jumapili ya Matawi, mabango barabarani yanatangaza ufufuo wa vitu vyote isipokuwa wafu. Pasaka ya kufufua biashara yako. Jiwe liondolewe kwenye ndoa yako. Mwaka mmoja nilisikia mahubiri ya dakika arobaini na tano juu ya kaburi tupu, na kaburi hilo lilikuwa akaunti ya benki ya msikilizaji. Mhubiri alisema vizuri, watu walicheka, mimi pia nilicheka. Nilipofika nyumbani nikagundua kwamba siku nzima hakuna aliyetaja mtu aliyekufa, ukimtoa Yesu, na hata yeye alitajwa haraka.

Hapo ndipo mwizi alipo, kwa maoni yangu. Tunazoea kusema dunia imeivamia Pasaka: bia, nyama choma, bendi za Jumatatu. Bia ya Jumatatu ya Pasaka hainisumbui hata kidogo. Serikali imetupa siku hiyo ya mapumziko, na mtu asiyesali ana haki ya kulala au kumtembelea shemeji yake. Maana ya Pasaka imeanza kulegea madhabahuni kabla ya kulegea baa. Ukiliondoa kaburi, kinachobaki ni shangwe isiyojua inashangilia nini, na shangwe ya namna hiyo lazima itafutiwe kazi. Ndipo inapopewa kazi ya kukuza mtaji.

Sherehe zisizo za dini nazo zinaweza kuwa na uzito wake. Nina rafiki wa Naivasha, hajakanyaga kanisa tangu kipaimara, na kwake Pasaka ni vumbi. Mashindano ya magari ya Safari Rally, yaliyoanza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, kwa miaka mingi yalikimbizwa wikiendi ya Pasaka, na zamani yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baba yake alimbeba mabegani amwone dereva Joginder Singh akipita, na mpaka leo anaweza kukutajia miaka ambayo Singh alishinda: 1965, 1974, 1976. Mashindano yalipong'olewa kwenye Pasaka alinung'unika kama Mkristo aliyefungiwa kanisa. Yaliporudi wikiendi hiyo mwaka 2024, alinipigia simu Ijumaa Kuu akiwa kando ya barabara, anapiga kelele za furaha. Nilimwambia ni siku ya maombolezo. Akaniambia baba yake alifariki, na hapo aliposimama ndipo walipokuwa wakisimama wote wawili. Nikanyamaza. Yeye alikuwa amekwenda makaburini kwa namna yake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi.

Pasaka hiyohiyo ya 2024 iliangukia ndani ya Ramadhani, kama ilivyokuwa 2023. Jirani yetu, mama wa Kiislamu ambaye kwa miaka mingi tumebadilishana sahani za Idi na Pasaka, alimwita mke wangu uani: "Shoga, safari hii mtakula pilau peke yenu?" Mke wangu akaamua pilau la Pasaka lipikwe alasiri. Adhana ya magharibi ilipolia, sahani ilikuwa imeshafika kwake, ikarudi na tende na uji wa pilipili manga. Yeye haamini kwamba Isa alisulubiwa, na hakuna aliyejaribu kulizungusha hilo. Sahani ilijua njia.

Wakatoliki, nikubali, wamehifadhi kitu ambacho sisi wengine tumekiachia. Niliwahi kwenda kwenye Mkesha wa Pasaka na mkwe wangu. Moto nje, kanisa giza totoro, mshumaa mmoja unaingia, na sauti inaimba "Mwanga wa Kristo." Kwa dakika chache watu mia kadhaa walikaa gizani bila kushika simu. Huko Ujerumani nako, majimbo mengi yana sheria inayozuia kumbi za dansi kupiga muziki Ijumaa Kuu, wakati makanisa yenyewe yana nafasi nyingi za kukaa. Wao wamebakiwa na ukimya bila waumini. Sisi tumejaza waumini mpaka kwenye maturubai, na ukimya hatuna mahali pa kuuweka.

Najua jibu la wachungaji wa mjini, kwa sababu nimemuuliza wa kwetu. Aliniambia, "Mzee, makaburi yenyewe yako wapi?" Ana haki. Watu wa sharika yake wamezikwa Bukoba, Iringa, Same, Songea. Mama yangu yuko Rungwe tangu 2017. Hapa mjini makaburi ni mahali pa kupita kwa daladala, na ukimwambia mtu twende Kinondoni saa kumi na moja alfajiri atauliza kwanza habari ya vibaka. Nilimpendekezea angalau tusome majina ya waliofariki mwaka huo, hata humohumo kanisani, kabla ya kwaya. Aliahidi kulipeleka kwenye baraza la wazee. Baraza lilisema muda wa ibada ni mfupi.

Basi Pasaka iliyopita niliweka kengele ya simu saa kumi usiku. Nikakaa barazani na shuka. Mwezi ulikuwepo juu ya paa la jirani, kama ulivyopaswa. Saa kumi na moja nikampigia mjomba, ambaye siku hizi ndiye anayebeba ile tarumbeta ya kifuniko kilicholegea. Alipokea akihema, wako njiani. Akaiweka simu mfukoni bila kuikata, nami nikasikiliza: miguu kwenye tope, mtu anakohoa, mvua juu ya majani ya migomba, kisha tarumbeta zote kwa pamoja, na ile yetu yenye mafua ikiwa nyuma kidogo. Majina yalisomwa, sikuyashika vizuri. Halafu simu ikatolewa mfukoni, nikajua kwa jinsi mvua ilivyosikika karibu, na nikamsikia mjomba akisema, wala si kwangu, "Ugonile, dada." Nilikuwa nataka kusema na mimi, dakika zikaisha.