Sufuria ya Mawe na Swali la Utu

Mwishoni mwa Aprili 2020, Kenya ikiwa na mwezi mmoja tangu ianze kafyu ya usiku, zilienea habari za mjane wa Mombasa mwenye watoto wanane aliyekuwa akichemsha mawe. Alikuwa mama fua. Korona ilipoingia, waliokuwa wakimpa nguo za kufua waliogopa watu wa nje, na kibarua kikakatika. Akabandika sufuria ya mawe ili watoto wadhani chakula kiko jikoni, wasinzie wakingoja. Jirani akasikia vilio, akaenda kuuliza kulikoni, kisha akawaita waandishi wa habari. Haukupita muda, watu asiowajua wakaanza kumtumia fedha kutoka pembe zote za nchi.

Kisa hiki husimuliwa kuthibitisha mambo mawili yanayopingana. Wapo wanaosema kuwa hatari ikibisha hodi, kila mtu hujifungia na chake. Wengine wanasema la, utu wetu ulijitokeza palepale ulipohitajika.

Wa kwanza hawakosi ushahidi. Machi 27, siku ya kwanza ya kafyu, polisi waliwapiga na kuwarushia vitoza machozi watu waliokuwa kwenye foleni ya feri ya Likoni, na saa ya kafyu ilikuwa haijafika. Mwezi huohuo Mamlaka ya Ushindani iliamuru duka moja kubwa liwarudishie wateja fedha baada ya kupandisha bei ya sanitaiza. Kufikia Agosti, tuhuma za ununuzi wa vifaa vya korona katika KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, zilikuwa nzito kiasi kwamba Rais Uhuru Kenyatta aliagiza uchunguzi ukamilike kwa siku 21.

Wa pili wana jirani yule, na wana maelfu ya watu waliochangia wenzao kimyakimya mwaka ule. Huo nao ni ushahidi, na sioni haki kuuita jambo la bahati tu.

Naona pande zote mbili zinakosea mahali pamoja: zinatafuta tabia ya mwanadamu ndani ya kifua cha mtu mmoja mmoja. Waliomkatia mama fua kazi na waliomtumia fedha walikuwa watu wa namna moja, wenye hofu na huruma kwa pamoja. Alipokuwa anabisha mlangoni alikuwa mtu wa kuambukiza. Alipoonekana kwenye televisheni na wanawe, akawa mzazi kama wao. Na njia ya kumfikia ilikuwa nyepesi, maana tangu katikati ya Machi ada ya kutuma hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa ilikuwa imeondolewa. Huruma ilikuwapo tangu zamani. Ilikosa taarifa na njia.

Hata tunachokiita ukaidi kinahitaji kutazamwa hivyo. Wakazi wa Mji wa Kale, Mombasa, walilaumiwa kwa kukwepa kupimwa, na Mei 6 serikali ikafunga mtaa, hakuna kuingia wala kutoka. Lakini katika majuma ya mwanzo watu waliopelekwa karantini walidaiwa gharama za malazi yao, na wapo waliozuiliwa baada ya kupimwa na kukutwa hawana virusi, kwa sababu tu hawajalipa. Mtu wa kipato cha kutwa anayekwepa kipimo chini ya masharti hayo amepiga hesabu. Kumwita mkaidi ni kumwonea.

Kuna hoja ya tatu, nayo ndiyo inayonisumbua zaidi: ile ya kusifu subira. Wengi walimsifu mama yule kwa ujasiri wake. Ni kweli alikuwa na moyo mkubwa, lakini alisimulia mwenyewe kwamba watoto walishagundua anawadanganya. Waislamu wa pwani wanakijua kisa cha Sayyidna Umar, khalifa wa pili wa Waislamu, aliyemkuta usiku, nje ya Madina, mama akichemsha sufuria isiyo na chakula ili wanawe walale. Wasimulizi hawakai sana kwenye subira ya mama. Wanakaa kwenye gunia la unga ambalo khalifa alilibeba kwa mgongo wake, akimkatalia mtumishi wake asimsaidie, kwa kuwa mzigo ule angekuja kuulizwa yeye.

Sisemi kwamba nguvu za ndani si kitu. Ramadhani ile misikiti ilifungwa, na tarawehe zikasaliwa majumbani. Wanaume ambao hawajawahi kusimama mbele ya safu waliwaongoza wake na watoto wao, na wapo waliopata humo utulivu ambao hawakuupata miaka yote. Ila utulivu huo ulikuwa na futari pembeni. Aliyeamka hajui atakula nini hakupewa nafasi ya kutafakari, na kumwambia atafute nguvu ndani yake ni kumhamishia kazi ya wengine.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo. Tunao mfumo wa Nyumba Kumi, ulioanzishwa kwa ajili ya usalama. Upewe jukumu la kujua vibarua, mama fua na wajane wa kila mtaa ni nani na wanafikiwa kwa nambari gani, na kaunti itenge fungu la dharura la kuwatumia moja kwa moja juma lilelile kazi zinaposimamishwa, kabla kamera hazijafika.