Mwezi wa Punjab Uachwe Uandame

Mwaka 2017 Wasikh waliadhimisha kuzaliwa kwa Guru Gobind Singh, guru wao wa kumi, mara mbili, Januari 5 na tena Desemba 25. Mwaka 2018 siku hiyo haikuwepo kabisa. Ilirudi Januari 13, 2019. Hakuna aliyekosea hesabu. Siku yenyewe ni ya saba tangu mwezi kuandama katika mwezi wa Poh, kati ya Desemba na Januari, na mwezi wa angani haufuati kalenda ya ukutani. Ndiyo maana Wasikh wanabishana: sikukuu zao ziendelee kuufuata mwezi, au zifungwe tarehe?

Msomaji Mwislamu hatashangaa sana, maana mwaka 2030 Ramadhani nayo itaingia mara mbili, Januari na Desemba. Ila Wapunjabi, watu wa Punjab iliyogawanywa kati ya India na Pakistan, hawakuuacha mwezi uzunguke majira yote. Kila baada ya miaka miwili na miezi kadhaa huongeza mwezi wa kumi na tatu, ndipo sikukuu zirudi mahali pake. Kwa hiyo Divali huwa daima kwenye usiku wa giza wa Katak, Oktoba au Novemba, na Holi, sikukuu ya rangi, haiachani na mwezi mpevu wa Phagan, baridi inapokwisha. Na kalenda hiyohiyo, iitwayo Bikrami, ina hesabu ya pili, ya jua. Jua likiingia buruji mpya ni Sangrand, siku ya kwanza ya mwezi, na kwenye gurdwara, nyumba ya ibada ya Wasikh, husomwa Barah Maha, mashairi ya miezi kumi na miwili. Lohri na Vaisakhi ni za jua, ndiyo maana mtu hukutajia tarehe zake bila kutazama angani: Januari 13, na Aprili 13 au 14.

Ugomvi wa miaka hii ulianzia kwenye jua. Pal Singh Purewal, mhandisi Mpunjabi aliyeishi Kanada, alionyesha kwamba mwaka wa Bikrami ni mrefu kuliko mwaka wa majira kwa dakika ishirini na kitu. Ni kidogo, lakini karne zikipita Vaisakhi inasogea. Guru Gobind Singh alipoanzisha Khalsa, udugu wa Wasikh waliokula kiapo, pale Anandpur mwaka 1699, Vaisakhi iliangukia Aprili 8 au 9 kwa kalenda tunayoitumia leo. Ikiachwa iendelee hivyo, siku moja sikukuu ya mavuno ya ngano itafika ngano ikiwa imeshavunwa na kuuzwa. Purewal akatunga kalenda ya Nanakshahi, inayohesabu miaka tangu 1469, alipozaliwa Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Kisikh. Kamati kuu ya gurdwara za Punjab, SGPC, ikaipitisha mwaka 2003, na siku nyingi zikapewa tarehe zisizohama. Mwaka 2010 kamati hiyohiyo ikaibadilisha, siku kadhaa zikarudishwa kwenye hesabu ya kale. Kamati ya gurdwara za Pakistan na gurdwara kadhaa za ughaibuni zikabaki na ile ya 2003. Tangu hapo siku moja takatifu inaweza kuwa na tarehe mbili, kutegemea uko upande gani wa mpaka.

Mimi kuhusu jua nasimama na Purewal. Sikukuu ya mavuno inayoyakimbia mavuno haina maana kwa mkulima. Kuhusu mwezi siko naye. Najua hoja ya wanaotaka kila siku ifungwe tarehe, na ni hoja nzito: Wasikh wamechoka kuhesabiwa kama tawi la Uhindu, na kalenda yao wenyewe ni njia ya kusema sisi ni dini kamili. Naiheshimu hoja hiyo kwa moyo wote. Lakini siku ya sikukuu huamua pia utakaa na nani, na Punjab jambo hilo lina uzito wa pekee. Kulikuwa na familia za Kihindu zilizomlea mtoto wao wa kiume wa kwanza awe Singasinga, afuge nywele na kuvaa kilemba, huku wadogo zake wakibaki Wahindu. Ndugu hao usiku wa Divali waliwasha taa pamoja. Mmoja alimkumbuka mungu Rama aliyerejea Ayodhya, mwingine akamkumbuka Guru Hargobind, guru wa sita, aliyetoka kifungoni katika ngome ya Gwalior pamoja na wafalme 52. Hata kalenda ya 2003 haikuthubutu kuigusa siku hiyo. Iliiachia mwezi, pamoja na Hola Mohalla, sikukuu ya Wasikh ya wakati wa Holi, na kuzaliwa kwa Guru Nanak, na naona walifanya busara.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Lohri. Ni usiku wa mwisho wa Poh, baridi kali. Watoto hupita nyumba kwa nyumba wakiimba na kuomba, kisha moto huwashwa uani au barabarani, watu huuzunguka wakitupia ufuta, karanga, bisi na sukari guru. Nyumba yenye bibi harusi mpya au mtoto mchanga ndiyo hufanya kubwa kuliko zote. Zamani mtoto huyo alikuwa wa kiume tu. Siku hizi wapo wanaowasha moto kwa ajili ya binti, na natamani desturi hiyo ifike kila kijiji. Anayesifiwa kwenye wimbo wao ni Dulla Bhatti, mwasi aliyepambana na dola ya Akbar, mfalme wa Kimughal wa India, na kunyongwa Lahore mwishoni mwa karne ya kumi na sita, anayekumbukwa kwa kuwaoza mabinti wa maskini kama baba yao. Alikuwa Mwislamu. Wahindu na Wasikh wanauzunguka moto wakimsifu Mwislamu, na hakuna anayeuliza moto ule ni wa dini gani. Usiku huohuo hupikwa wali kwa maji ya miwa, ukaliwa asubuhi: umepikwa Poh, umeliwa Magh. Asubuhi hiyo ni Maghi, na Wasikh humiminika Muktsar kuwakumbuka wale wapiganaji arobaini waliomwacha Guru Gobind Singh, kisha wakarudi wakiongozwa na mwanamke, Mai Bhago, wakapigana mpaka kufa.

Sasa njoo kwenye Jeth, kati ya Mei na Juni, joto likipita nyuzi 40. Guru Arjan, guru wa tano, aliuawa Lahore mwaka 1606 kwa mateso ya moto, siku ya nne ya mwezi mchanga wa Jeth. Kwa kumkumbuka, Wasikh husimama barabarani wakigawa chhabeel, maji baridi yaliyochanganywa na maziwa, sukari na sharubati ya waridi. Wanasimamisha mabasi, pikipiki, matrekta. Hakuna anayeulizwa jina. Siku saba baadaye, ya kumi na moja ya mwezi uleule, Wahindu hufunga Nirjala, saumu kali kuliko zote za mwaka, bila chakula wala tone la maji. Na mfungaji huyo mwenye koo kavu hutoa sadaka ya mitungi ya maji, pepeo za mkono na sharubati kwa wapita njia. Wiki hiyo Punjab nzima inanyweshana maji. Ukiihamishia siku ya Guru Arjan Juni 16 moja kwa moja, kama ilivyofanya kalenda ya 2003, miaka mingi majirani hao wanapishana. Mwaka 2025 kwa hesabu ya mwezi siku hizo zilikuwa Mei 30 na Juni 6, na Juni 16 Nirjala ilikuwa imeshapita zamani. Hilo ndilo linaloniuma.

Saumu yenyewe inawatenganisha, na sitaki kuficha. Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Wasikh, inafundisha kwamba kufunga hakusafishi moyo, na mwongozo wa maisha ya Wasikh unakataza saumu za aina hiyo. Hata hivyo Karva Chauth, saumu ya wake wa Kihindu inayoangukia siku ya nne baada ya mwezi mpevu, wiki moja na ushei kabla ya Divali, utawakuta wanawake wa Kisikh pia wamekula daku lililoandaliwa na mama mkwe, wanasubiri mwezi uchomoze usiku ili wautazame kupitia chekecheke, kisha mume awape maji. Sipendi kwamba ni mke peke yake anayefunga kwa ajili ya uhai wa mume. Wapo waume wanaofunga nao sasa, na hao nawapongeza. Lakini kumfokea bibi wa miaka sabini kwamba anaikosea dini yake kwa kukaa juu ya paa na jirani zake akingoja mwezi, hapana.

Kalenda hii ilivuka bahari pamoja na Wapunjabi waliokuja kujenga reli ya Mombasa kuanzia 1896. Huku kwetu Aprili ni masika. Vaisakhi inafika na matope badala ya ngano iliyoiva, wala hakuna baridi ya Poh ya kumfanya mtu aotee moto wa Lohri. Majira yote waliyoyajua yalibaki nyuma, lakini sikukuu zinaendelea. Gurdwara ya Makindu, kwenye barabara ya Mombasa na Nairobi, bado inampa chakula kila anayepita, Kalasinga na asiye Kalasinga. Hao waliokaa mbali kiasi hicho na mashamba yao walishika kilichowezekana kushikwa, yaani siku moja na watu wa kuketi nao. Wanaokutana Amritsar, makao ya SGPC, kujadili tarehe ningewaomba walipime jambo hilo kabla ya kuuacha mwezi.