Ukuta Niliousukuma kwa Kiganja Kimoja

Kwa kuwa mwenzangu, niliyemchukua mwenyewe ili awe shahidi, ameshaeneza Kadutu nzima, mtaa wetu hapa Bukavu, Kongo, kwamba niliteremka mlima nikiwa nimekumbatia jiwe, naomba niseme ukweli: sikukumbatia kitu. Niliteremka nimeketi.

Wanaoijua Bukavu wanajua kwamba ua wa mmoja hulingana na paa la mwingine. Nyumba ninayopangisha iko juu. Chini yake yuko Mama Nsimire na jiko lake la mabati, na kati yetu ulisimama ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, ambao upande wangu ulinifika kiunoni. Mvua zilipoutia ufa wa kuingiza mkono, mpangaji aliniandikia barua mara mbili. Nikamjibu kwamba ufa umeletwa na maji yake ya kufulia, hivyo gharama nitaikata kwenye garanti, ile amana ya kodi aliyoniachia alipoingia. (Garanti ya miezi sita. Msiniulize ilikuwa wapi.)

Jumamosi tukakutana ukutani: mpangaji na nakala za barua zake, shefu wa avenue (kiongozi wa barabara yetu), shahidi wangu, na mimi ndani ya suti. Mpangaji, ambaye kwa bahati yangu mbaya anasomea sheria, alitusomea kifungu cha 262 cha ile dikrii ya 1888, amri ya Kongo kuhusu mikataba na madeni, kinachomtwika mwenye jengo hasara yote iwapo jengo limeporomoka kwa kukosa matunzo au kwa kasoro ya ujenzi. Nikacheka.

“Kasoro ipi? Ukuta huu niliusimamia mwenyewe. Ukianguka leo, nalipa mimi!”

Nikaweka kiganja, nikausukuma.

Kwanza halikutokea lolote, hata nikapata muda wa kumgeukia shefu kwa tabasamu. Kisha kijiwe kisichozidi yai kikachomoka, kikagonga bati la Mama Nsimire, ti! Kuku aliyekuwa juu ya bati hilo alinitazama, akashuka. (Ndugu zangu, mngemwona, mngeondoka naye.) Ndipo nikasikia chini ya viatu vyangu mlio kama wa gunia la makaa linalopasuka, na ukuta ukaanza kutoa tumbo polepole, huku nikiona wazi kwamba katikati ya mawe hamkuwa na saruji bali udongo mwekundu, kwa sababu saruji nilimwambia fundi aibane. Ardhi ikaondoka nami. Nilishuka kwa heshima, tai begani, nikatua ndani ya beseni la muhogo uliolowekwa siku tatu.

Mama Nsimire alisimama na mwiko mkononi, akanitazama kuanzia viatu. (Bayeri ndilo jina letu sisi wenye nyumba za kupangisha.)

“Papa Bayeri, karibu. Lakini mlango uko upande ule.”

Hakuna aliyeumia. Nimelipa mabati manne, sufuria, beseni na muhogo wenyewe. Fundi mpya alieleza kwamba maji ya mvua ndiyo yaliyojaa nyuma ya ukuta na kuusukuma, kwani hayakuachiwa matundu ya kutokea. Maji ya kufulia hakuyataja hata kidogo. Shefu naye akakumbuka kwamba sheria ya 2015 haituruhusu kuchukua garanti inayozidi miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa, basi hiyo mingine nimeirudisha. Suti ina juma la pili juani, na mbwa bado wanaizunguka.

Shahidi wangu ananidai nauli ya pikipiki, na hata sasa anashikilia kwamba nilikumbatia jiwe.