Kondoo si ng'ombe mdogo

"Inafaa ng'ombe, mbuzi, kondoo na sungura." Kila tangazo la mbegu za nyasi msimu huu lina maneno hayo. Sijui kwa nini wameishia kwa sungura. Kuku wamekosa nini? Juu ya tangazo kuna picha ya mtu aliyemezwa na majani yaliyompita kichwa, anatabasamu. Kwa mwenye ng'ombe wa maziwa, sawa. Kwa mwenye kondoo, hiyo ni picha ya njaa.

Tazama kinywa. Ng'ombe hutoa ulimi, akazoa fungu zima la majani. Kondoo ana kijidomo chembamba, mdomo wa juu umepasuka katikati; huchambua jani moja moja, akalibana kati ya meno ya chini na ufizi mgumu wa juu, akavuta. Anataka jani, hataki bua. Umwachilie kwenye nyasi za kiunoni atadonoa pembeni, kisha nyingine zote azikanyage na kuzilalia.

Nyasi ya Boma Rhodes ikiwa na urefu wa sentimita 15 hadi 20 ni jani tupu, na hapo ndipo pa kuwaingiza. Ukingoja hadi mbegu zipukutike, protini iliyokuwa asilimia 10 na zaidi hushuka hadi 5 au 6. Ikiwa chini ya 7, vijidudu vya tumboni hukosa nitrojeni ya kuvunjia nyuzi. Chakula hukaa humo siku nyingi, tumbo hujaa, mnyama huacha kula. Mwenye mali anaona tumbo kubwa, anasema wameshiba! Pitisha vidole mgongoni: ukiweza kuhesabu pingili, wamekonda. Kondoo wa kilo 40 anahitaji kama kilo 1.2 hadi 1.4 za nyasi kavu kwa siku, yaani kilo 6 au 7 za mbichi. Kwa mabua hafikishi. Lakini wauza hei, nyasi zilizokaushwa, wataendelea kuchelewa kukata, maana robota huuzwa kwa idadi na mabua hujaza haraka.

Nepia, yaani majani ya tembo? Haya, ikikatwa ikiwa magotini, ikapita kwenye mashine, wataila. Ila hapo si malisho tena, ni kazi ya mikono.

Nyasi ya Kikuyu, ile wakulima wa mahindi wanayoitukana, ndiyo inayomfaa kondoo: inatambaa, jani liko chini, inavumilia kung'atwa. Tatizo ni minyoo. Viluwiluwi vyake vingi hukaa kwenye sentimita 5 za chini za nyasi, kwa hiyo watoe kondoo kabla hawajala hadi hapo. Kondoo mwekundu wa Kimaasai hustahimili minyoo kiasi, wale wa aina ya Dorper hapana.

Sasa nyasi ya brakiaria, inayosifiwa na kila mtu. Baadhi ya aina zake, hasa Basilisk, ambayo asili yake ni Uganda kabla ya kuzungushwa duniani, zina saponini, kemikali zinazoharibu ini la kondoo. Ini likishindwa, mabaki ya rangi ya kijani ya majani huingia kwenye damu hadi ngozini, na jua likiwaka ngozi inaungua. Masikio hulegea na kuvimba, uso hufura, macho hutoa machozi, ngozi hubanduka. Wanakondoo ndio huumia zaidi, huku ng'ombe wazima wa jirani mara nyingi wakila shamba hilohilo bila tatizo. Ukiona hivyo, watoe malishoni siku hiyohiyo, waweke kivulini, uite daktari wa mifugo. Na kabla ya kununua, muulize muuzaji ni aina gani hasa. Akikujibu "ni brakiaria tu," rudisha pesa mfukoni.