Pedi moja, sebule nzima

Huku kwetu mchezo ni wa watu wawili. Omweso ni wawili, drafti ni wawili, na ukiingia chumba chochote cha gemu hapa Jinja utakuta vijana wawili wamebanana kwenye benchi wakicheza mpira wa kwenye televisheni. Wanalipia kwa mechi, anayefungwa anaachia pedi. Ndiyo maana nikisema kwamba gemu ninayoipenda kuliko zote huchezwa na mtu mmoja, tena ni hadithi ndefu ya mashine na dunia iliyokwisha kufa, watu huona kama najifungia ndani na kukimbia wenzangu. Sikubaliani nao hata kidogo.

Gemu yenyewe ni Horizon Zero Dawn. Iliundwa na Guerrilla, kampuni ya Amsterdam, Uholanzi, ikatoka kwa PlayStation 4 mwaka 2017 na kwa kompyuta Agosti 2020. Unakuwa Aloy, binti aliyetengwa na kabila lake la Nora tangu uchanga kwa kuwa hana mama anayejulikana, akalelewa na Rost, mtengwa mwenzake. Ni majimbo ya Marekani ya Colorado na Utah, takriban miaka elfu moja ijayo. Miji imekuwa magofu yaliyomezwa na majani, na porini wanazurura wanyama wa chuma. Kuna wenye umbo la farasi, kuna wenye umbo la mamba, na kuna Tallneck, twiga wa chuma anayetembea taratibu bila kumdhuru mtu. Ukifanikiwa kumkwea hadi kichwani unafunguliwa ramani ya eneo zima.

Sasa, Waganda tumelelewa na kibanda cha video. Filamu ya kigeni inapigwa, na kando yake yuko VJ na maikrofoni, anatafsiri, anaeleza nani ni nani, anaonya watu kwamba huyo jamaa mwenye koti si mtu mzuri. Akina VJ Jingo na VJ Emmie wamejipatia majina makubwa kwa kazi hiyo. Sioni kwa nini gemu ya hadithi isitazamwe hivyohivyo, na nyumbani kwetu ndivyo inavyotazamwa. Mimi nashika pedi. Dada yangu anasoma maandishi ya chini ya skrini na kuyageuza Kiswahili papo hapo, kwa sababu mjomba wetu ni askari mstaafu, na Kiswahili cha kambini ndicho anachokifurahia kuliko Kiingereza cha kukimbizana. Watoto wa jirani wanajaza mkeka.

Mngewaona siku ya Thunderjaw! Huyo ni jitu la chuma lenye taya pana na mkia wa kuangusha miti, na mgongoni limebeba mitambo miwili ya kurusha visahani vinavyolipuka. Aloy ana kifaa sikioni kiitwacho Focus kinachomwonyesha sehemu dhaifu za kila mashine. Kumimina mishale ovyo hakusaidii: unachagua mshale wa kupasulia, unalenga mtambo mmoja mpaka uchomoke na kuanguka, kisha unakimbia kuuokota umpigie mwenyewe kwa silaha yake. Ukishaubeba huwezi kukimbia tena, unajikokota tu. Hapo ndipo chumba kizima kilipopiga kelele: mmoja anahesabu visahani vilivyobaki, mwingine anapaza sauti kwamba mkia unakuja, mjomba ananiamuru niingie nyuma ya jabali. Vidole vyangu peke yake ndivyo vilivyokuwa kwenye pedi, lakini vita vile vilipiganwa na sebule nzima.

Anayetaka kuicheza bila kujua siri zake aruke aya mbili zinazofuata.

Dunia ile iliuawa na mashine za kivita za tajiri mmoja, Ted Faro, zilizoundwa ziweze kula viumbe hai kama mafuta na kujizalisha zenyewe. Ziliposhindikana kudhibitiwa, mwanasayansi Elisabet Sobeck aliunda mpango wa kuufufua uhai baada ya kila kitu kufa. Ili mpango upate muda, watu wa kawaida walipewa bunduki na kuambiwa kuna silaha ya ushindi inakuja. Haikuwapo. Aloy anafika kituo cha chini ya ardhi na kumkuta Jenerali Herres, taswira ya mwanga iliyorekodiwa, akikiri kwamba yeye ndiye aliyewadanganya mamilioni hao waende kufa. Mjomba aliomba tuirudie. Akaomba tena. Kisha akatueleza mambo ya jeshini ambayo hatujawahi kumsikia akiyasema, na pedi ikakaa chini jioni ile yote.

Halafu kuna APOLLO, hazina ya elimu yote ya binadamu iliyowekwa iwafundishe watoto watakaozaliwa upya. Faro aliifuta, akidai maarifa ndiyo ugonjwa uliotufikisha pale. Kwa hiyo watoto walitoka mapangoni bila elimu hiyo, na wajukuu wao Wanora wanauabudu mlango wa chuma ulio ndani ya mlima na kuuita Mama wa Wote. Mjomba alisema Faro hakuogopa maarifa, aliogopa jina lake lisomwe. Sijakutana na mchambuzi wa gemu aliyelisema hilo vizuri zaidi.

Kasoro zipo. Mapigano na majambazi wa kibinadamu yanachosha, na kazi nyingi za pembeni ni zilezile za kufuata nyayo. Ugumu mkubwa zaidi kwetu ni kuipata: kwenye kompyuta toleo la 2020 lilidai gigabaiti 100, na data tunayonunua inatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, kwa hiyo wengi wanabadilishana diski. Lakini ikishaingia haihitaji mtandao. Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, Aloy aliendelea na safari yake.

Wenye vibanda, nawaomba jambo moja. Tengeni jioni moja ya wiki kwa gemu ya hadithi: kiingilio kama cha filamu, pedi kwa kijana mmoja anayejua kulenga, maikrofoni kwa mtafsiri. Mwanzoni, Aloy mtoto anapodondoka kwenye magofu na kuokota Focus, msiparuke, kwani ndipo watazamaji wanapompenda. Baada ya hapo fuateni hadithi kuu tu, na kambi za majambazi mwachieni kijana wa pedi azimalize asubuhi, kabla wateja wa mpira hawajafika.