Sol ya Mjomba

Mjomba wangu alichelewa kuoa kwa sababu, alivyosema mwenyewe, soprano wa korali walitosha kumgombeza. Parokiani kwetu Goma kila mtu alimwita Maestro. Mwaka 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo iliposhuka mjini, majirani walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, na magodoro kichwani. Yeye alitafuta chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, akapakia kinanda chake cha kukanyaga. Mkewe (ndiyo, mwishowe alioa) hakumsamehe hadi kufa: masufuria yote yaliteketea.

Kinanda chenyewe kilikuwa na ugonjwa. Kibao cha noti ya sol kilizama kikakataa kuinuka, kwa hiyo ukikanyaga tu, kinanguruma chenyewe: mmmmh! Mjomba alikataa kisitengenezwe. Padri akirefusha mahubiri, Maestro alisogeza mguu kama mtu anayejikuna. Sol ikalia, korali nzima ikasimama na kuanza kuimba. Padri angefanya nini?

Alipofariki, tukaamua misa ya kumaliza matanga ipigwe kwa kinanda kilekile. Kiko nyumbani Majengo, misa iko chini mjini. Chukudu tena. Mimi nikawekwa nyuma ya kinanda nikishikilie, na miguu, kwa kukosa pa kwenda, nikaiegesha juu ya makanyagio.

Tulikuwa tumechelewa, kijana mwendesha chukudu akaiachia mteremkoni. Sasa, chukudu yenye mzigo haisimami kwa maombi. Inasimama mwendeshaji akikandamiza kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, na pale pa kukandamizia nilikuwa nimekaa mimi. Kila jiwe la lava lilituruka au sisi tuliliruka, sijui. Kwa woga miguu yangu ikatafuta breki, ikapata makanyagio. Mmmmh! Nikazidi kukanyaga, nacho kikazidi kunguruma. Wenye pikipiki wakatupisha wakidhani ni msafara wa mkubwa. Mama mmoja mwenye beseni la sambaza, visamaki vya ziwani, alipiga ishara ya msalaba.

Tuliingia uani mwa kanisa na sol moja ndefu. Milango wazi, Padri yuko kwenye mahubiri, ndiyo kwanza anamaliza utoto wa marehemu. Korali ikasimama wima. Besi hawakuuliza mtu, wakaanza. Tenori na alto wakadakia. Soprano wakaingia na leso bado puani. Sisi tukasimamishwa na maua ya masista.

Padri alikunja karatasi zake, akaigeukia picha ya Mjomba mbele ya altare.

"Maestro," akasema, "hata leo?"